Dondoo muhimu: Kupanua nyumba ndogo ya mlimani

Nyumba nyingi kwenye miteremko ya Iveti na Mua, Machakos, zina giza upande wa mlima. Kabla ya kuongeza chumba, fungua vilivyopo.

• Anza na maji, rangi baadaye: chimba mtaro upande wa juu kabla ya mvua za Machi na Oktoba, la sivyo ukuta wa nyuma utabaki na unyevu na rangi itabambuka.
• Usikate udongo hadi kwenye msingi ili kupata uwanja. Hili ndilo kosa la hatari kuliko yote.
• Ukijenga ukuta wa kuzuia udongo, acha matundu ya kutolea maji chini yake na ujaze kokoto nyuma. Bila hayo maji huusukuma hadi upasuke.
• Usibomoe ukuta wa ndani kabla fundi hajapanda darini kuhakikisha haujabeba paa.
• Dirisha kubwa liwe upande wa bondeni, jicho lipate pa kwenda. Linaloelekea magharibi liwe dogo, jua la alasiri ni kali.
• Jikoni penye giza, badilisha bati moja, uweke la kupitisha mwanga.
• Pandisha kabati hadi dari, sakafu ibaki wazi.
• Makochi makubwa ya seti nzima hula sebule, mawili yanatosha.
• Veranda ya bondeni iwekewe ukingo imara kwa ajili ya watoto.
• Pata kibali cha kaunti kabla ya nyundo ya kwanza.