Kimbunga na Maji Yake: Kijitabu kwa Kaya za Pwani

Kimbunga huzaliwa baharini, pale maji yanapofikia joto la nyuzi 26 au 27 na kuzidi. Mvuke hupanda, hewa ya pembeni hukimbilia kujaza nafasi yake, na mzunguko wa dunia huipinda hewa hiyo mpaka izunguke. Karibu na ikweta nguvu hiyo ya kupinda ni hafifu. Ndiyo maana vimbunga vingi vya kusini mwa Bahari ya Hindi huelekea Madagaska na Msumbiji, na pwani ya Tanzania na Kenya huguswa kwa nadra.

Lakini huguswa. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja majahazi na kung'oa mikarafuu. Aprili 1952 kilishuka Lindi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na mvua yake ikakata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga. Msimu wa vimbunga kwa kawaida ni Novemba hadi Aprili; Hidaya imetuonyesha kwamba hata Mei si ya kuamini.

Ogopa maji kuliko upepo

Upepo unatisha kwa sababu tunausikia, na kweli bati lililong'oka linaweza kuua. Hata hivyo wanaokufa kwa maji kwa kawaida ni wengi zaidi. Kwanza bahari husukumwa nchi kavu, kisha mvua hujaza mabonde, halafu mito hufurika hata baada ya upepo kutulia. Machi 2019 kimbunga Idai kilibomoa mji wa Beira, Msumbiji. Mito Buzi na Pungwe ikafurika, na watu wakakwama juu ya mapaa na miti. Msumbiji, Zimbabwe na Malawi zilipoteza kwa pamoja zaidi ya watu 1,000. Mwaka 2023 kimbunga Freddy kilileta maporomoko ya udongo Blantyre, Malawi, mji ulio mbali kabisa na bahari.

Kwa hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza hatari, wavuvi wasitoke, na wanaoishi mabondeni na ufukweni wahame mapema, kukiwa mchana. Msivuke maji yanayokwenda kasi. Kina cha sentimita 15, nusu ya rula ya shule, kinaweza kumwangusha mtu mzima. Upepo ukikatika ghafla, huenda jicho la kimbunga liko juu yenu: kaeni ndani, kwa kuwa utarudi kwa nguvu kutoka upande wa pili.

Mnapohama, fungeni ndani ya mfuko wa plastiki kadi za kliniki pamoja na dawa za kila siku: za presha, kisukari, kifafa, na ARV. Nguo zitapatikana, lakini dawa zikisombwa, mgonjwa anaweza kuzidiwa kabla njia haijafunguka.

Baada ya mvua

Usiguse waya wa umeme ulioanguka. Nyoka hukimbilia pakavu, kwa hiyo kung'uteni matandiko na viatu. Aliyechomwa msumari aoshe jeraha kwa sabuni na maji safi, kisha aende kituoni kuulizia chanjo ya pepopunda. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama nje kunanyesha. Hewa yake haionekani, na huua watu wakiwa usingizini.

Kisima kilichofunikwa na mafuriko kihesabuni kuwa kimeingiwa na choo. Baada ya Idai, kipindupindu kilizuka Beira ndani ya wiki mbili na maelfu ya watu wakaugua. Maji yenye tope yachujeni kwa kitambaa safi, kisha yachemsheni mpaka yatokote kwa dakika moja, au tumieni vidonge vya kutibu maji. Yahifadhini kwenye chombo chenye kifuniko na mchote kwa kata yenye mpini, mikono isiguse maji. Laleni ndani ya chandarua, maana madimbwi huzaa mbu kwa wiki nyingi.

Mtu akianza kuhara, mpeni ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini. Ikikosekana, changanyeni lita moja ya maji salama na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta, visijae kilima. Anywe kidogo kidogo, mfululizo. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Choo kikiwa cheupe mithili ya maji yaliyooshewa mchele, kimbizeni mgonjwa kituoni, mkiendelea kumnywesha njiani.