Likizo Wakati wa Janga: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Lodwar na Kakuma

Tarehe 29 Aprili 2020, Serikali ilipiga marufuku watu kuingia na kutoka kambi za Kakuma na Dadaab ili kuzuia korona. Mwalimu wa kambini aliyekuwa Lodwar siku hiyo angeweza kukwama huko wiki nyingi. Ikitokea tena, fahamu kwamba wewe si mtoro. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, huhesabu kukosa kazini kuwa kosa pale tu unapokosa bila ruhusa wala sababu halali. Kifungu cha 19 nacho huruhusu kukatwa mshahara wa siku kwa msingi huohuo. Njia ikifungwa kwa amri ya Serikali, unayo sababu halali. Mjulishe mwajiri siku hiyohiyo, hata kwa ujumbe wa simu, na usiufute.

Ukiugua, na umefanya kazi miezi miwili mfululizo, una haki ya angalau siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka. Leta cheti cha daktari. Aliyewekwa karantini akiwa mzima hatajwi na kifungu cha likizo ya ugonjwa. Patana na mwajiri kwa maandishi, iwe kufanyia kazi nyumbani au kutumia sehemu ya zile siku 21 za likizo ya mwaka.

Likizo bila malipo ndiyo huwaumiza wengi. Sheria haimpi mwajiri uwezo wa kukulazimisha kuichukua. Mabadiliko ya mkataba hufanywa kwa kushauriana nawe, kisha unaarifiwa kwa maandishi. Usitie sahihi fomu isiyotaja tarehe ya kurudi kazini. Kama kazi yenyewe imekwisha, mwajiri aseme hivyo waziwazi: notisi ya mwezi mmoja, nakala kwa afisa wa kazi, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotumikia, pamoja na siku za likizo ambazo hukuzichukua.

Vibarua wa mjengo, msijitoe katika hesabu hii. Anayefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja huhesabiwa mfanyakazi wa mwezi, hata kama analipwa kila jioni. Andika siku zako daftarini na utunze jumbe za M-Pesa.

Wakimbizi mnaolipwa posho na mashirika Kakuma, ulizeni mapema, kabla ya ugonjwa kuingia, mkataba wenu unasema nini kuhusu siku za kuugua.

Malalamiko hupelekwa kwa afisa wa kazi, bila ada. Dai la mahakamani lifunguliwe kabla ya miaka 3 kupita.