Simu na Usingizi wa Vijana Wetu

Wazazi wengi wamezoea kuuliza kijana wao anatazama nini katika simu. Swali hilo ni la haki, wala hatulipuuzi. Lakini liko swali la pili lisiloulizwa sana: anatazama saa ngapi? Leo twataka kulishika hilo la pili. Maana kijana aweza kutazama mambo yasiyo na ubaya wo wote, kama somo la hesabu, mpira au salamu za wenzake, na bado akadhurika, ikiwa saa anazozitumia ni zile za kulala.

Tuchukue mfano wa Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Misioni iko huko tangu miaka ya 1890, na elimu ni kitu ambacho wazazi wa huko wamekitolea jasho. Siku hizi simu janja imefika vihambani kama ilivyofika mijini. Mara nyingi huja Desemba, wakati ndugu walioko Dar es Salaam na Arusha wanaporudi nyumbani kwa Noeli: mjomba aliyenunua mpya humwachia kijana ile ya zamani. Katika nyumba nyingine simu ni moja tu, ya mama au ya baba, na kijana huisubiri mpaka mwenyewe alale. Shule nyingi hazimruhusu mwanafunzi kuja na simu, na jioni kuna majani ya ng'ombe na maji ya kuteka. Basi saa inayobaki ni ya usiku. Tena, kampuni za simu zimewahi kuuza vifurushi vya usiku wa manane kwa bei nafuu kuliko vya mchana. Kijana asiye na fedha aitwapo kwa bei ya namna hiyo, je, si ameitwa akeshe?

Yafaa tujue jinsi mwili unavyofanya kazi. Giza linapoingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, ambayo huuambia mwili kwamba usiku umefika. Kwa watu wa umri wa kubalehe homoni hiyo huchelewa kuliko kwa watoto wadogo; ndiyo maana kijana husema hana usingizi, wala hasemi uongo. Mwanga wa simu karibu na macho huichelewesha zaidi. Mwaka 2014 wataalamu wa Boston, Marekani, walitoa habari za uchunguzi wao juu ya watu wazima 12. Waliposoma jioni kwenye kioo chenye mwanga, melatonini yao ilichelewa kwa zaidi ya saa moja, wakilinganishwa na waliposoma kitabu cha karatasi. Na asubuhi waliamka wazito.

Wala mwanga si sababu pekee. Kitabu kina ukurasa wa mwisho, na hadithi ya bibi ina mwisho wake. Lakini mwaka 2006 Mmarekani Aza Raskin alibuni njia ya kuufanya ukurasa wa mtandao ujiongeze wenyewe kila usomapo, usifike mwisho kamwe. Baadaye yeye mwenyewe alijuta hadharani. Kijana aambiwaye "maliza upesi ulale" hupewa amri isiyowezekana, kwa kuwa kitu alichoshika hakina mwisho.

Sasa tufanye hesabu. Wataalamu wa usingizi husema kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 ahitaji saa 8 hadi 10 za kulala kila usiku. Mwanafunzi anayelazimika kuamka saa 11 alfajiri ili ateremke kwenda shule, yampasa awe amelala saa 3 usiku apate hizo 8. Akilala saa 6, amepata 5 tu. Hizo 3 zilizopotea si za uvivu: ni katika usingizi ubongo huweka sawasawa yale uliyofundishwa mchana, na ndipo mwili unapokua. Kijana wa namna hiyo husinzia darasani, hukasirika kwa neno dogo, nasi twamwita mkaidi au mjinga. Ada imelipwa, na somo halikukaa kichwani.

Hata hivyo tusiite kila kijana mgonjwa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilikubali uraibu wa michezo ya kompyuta uwe katika orodha ya magonjwa, orodha iliyoanza kutumika mwaka 2022. Lakini halikuiweka humo simu kwa jumla. Wengi wana mazoea mabaya tu, na mazoea huondolewa kwa mazoea.

Basi, tufanye nini? Kwanza, nyumba iwe na saa moja inayojulikana, tuseme saa 2 na nusu usiku, ambapo simu zote huwekwa sebuleni na kuchajiwa huko, wala isiwepo chumbani. Pili, ziwe zote kweli, hata ya baba. Marehemu Papa Fransisko, tarehe 29 Desemba 2019, aliziuliza familia kama zinazungumza, au kila mtu mezani yuko na simu yake. Swali hilo hakuwauliza watoto peke yao. Tatu, masomo yanayotumwa kwa simu yafanywe mapema, na mtoto apunguziwe kazi nyingine jioni ile. Nne, nunueni saa ndogo ya kengele, ili isisemwe kwamba simu yahitajiwa kuamsha. Tano, mwelezeni kijana sababu kabla ya kumwekea sheria. Akiielewa, ataishika hata akiwa bweni.

Lakini kijana akiwa haachi hata baada ya majuma kadhaa, anadanganya, anajitenga na wenzake, na masomo yanaanguka, asipigwe. Apelekwe kwa mganga wa hospitali. Watu wa Kilema wanayo hospitali yao karibu, na Moshi iko ile ya KCMC.

Mzazi aliyeuza kahawa na ndizi ili mwanawe asome, asiache matunda ya jasho lile yaibiwe usiku chini ya blanketi. Usiku huu, kabla ya kuzima taa, aulize simu ziko wapi. Naye aanze kwa kuiweka ya kwake.