Tezi isiyopungua: Kwa nini daktari huomba kukata kinyama

Tezi huvimba kwa sababu nyingi, na nyingi kati ya hizo si za kuogofya. Jino bovu huvimbisha tezi chini ya taya. Kidonda cha mguu huleta mtoki kinenani. Mtoto mwenye mafua huota vijitezi shingoni, na mafua yakiisha navyo hunywea. Tezi hizi za limfu ni vituo vya ulinzi vya mwili, mahali ambapo chembe nyeupe za damu hupambana na vijidudu, kwa hiyo kuvimba kwake mara nyingi huonyesha tu kwamba kazi inaendelea.

Shida iko kwenye tezi inayokataa kupungua. Tezi iliyokaa zaidi ya wiki nne hadi sita, au inayozidi kukua, au iliyotokea juu ya mfupa wa mtulinga, inafaa kuonwa na daktari hata kama haiumi. Wakazi wengi huogopa uvimbe unaouma na kupuuza usiouma. Kwa limfoma, yaani saratani ya chembe za limfu, mambo huwa kinyume: uvimbe wake kwa kawaida hauna maumivu yoyote, na mtu anaweza kuishi nao miezi mingi akiuficha kwa leso au kola ya shati.

Limfoma ina ugonjwa unaofanana nao kama pacha, nao ni kifua kikuu cha tezi. Wote wawili huleta homa, jasho la usiku linalolowesha shuka, uchovu na kukonda. Kwa kuwa kifua kikuu kimeenea nchini Kenya, wakati mwingine mgonjwa huanzishiwa dawa za TB kwa kukisia, bila kipimo kilichothibitisha. Matibabu hayo huchukua miezi sita au zaidi. Ikiwa kweli ni TB, mgonjwa hupona. Ikiwa ni limfoma, miezi hiyo ni zawadi kwa saratani.

Kuna njia ya kupunguza kubahatisha huko. Majimaji yaliyovutwa kwenye tezi yanaweza kupimwa kwa mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, ambayo hutafuta vinasaba vya bakteria wa TB na kutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi. Lakini jibu la kwamba bakteria hawakuonekana halimalizi mjadala, kwa sababu katika tezi huwa wachache. Mgonjwa aliye kwenye dawa za TB ambaye tezi zake hazipungui baada ya miezi miwili anapaswa kurudi kliniki na kuuliza kama kinyama kilikatwa. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa kuwa hata tezi za TB halisi huweza kuvimba kwa muda matibabu yakiendelea. Anayeishi na virusi vya UKIMWI ana sababu zaidi ya kuuliza, maana hatari ya magonjwa yote mawili kwake ni kubwa kuliko kwa mtu mwingine.

Sindano au kisu?

Swali hili huwasumbua wagonjwa wengi. Sindano nyembamba huvuta seli chache kutoka kwenye uvimbe. Ni ya haraka, haihitaji chumba cha upasuaji, na hufaa sana kwa kuanzia uchunguzi. Tatizo ni kwamba limfoma haitambuliwi kwa sura ya seli peke yake, bali pia kwa jinsi seli hizo zilivyojipanga ndani ya tezi.

Mama anayesuka kiondo anaweza kulielewa jambo hili upesi kuliko wengi. Ukivuta nyuzi tatu kutoka kwenye kiondo utajua rangi zake, na pengine utajua kama ni mkonge au sufi. Hutajua mchoro. Ili kuuona mchoro lazima ukishike kiondo chenyewe. Ndiyo maana, panaposhukiwa limfoma, daktari hupendelea kutoa tezi nzima, au kipande kikubwa chake. Mara nyingi, tezi ikiwa karibu na ngozi, upasuaji huu hufanywa kwa ganzi na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo hutokea pingamizi linalosikika kuanzia Masinga hadi Kathiani: kwamba saratani ikiguswa na kisu husambaa. Imani hiyo imetokana na jambo ambalo watu wameliona kwa macho yao. Wagonjwa wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, hupasuliwa ugonjwa ukiwa umeenea, kisha hufariki, na kisu hubeba lawama. Kwa limfoma imani hii haina mashiko kabisa. Chembe za limfu ni wasafiri, huzunguka mwilini kila siku pamoja na damu, kisu kiwepo kisiwepo. Isitoshe, limfoma hutibiwa hasa kwa dawa, na wakati mwingine mionzi. Tezi hukatwa ili isomwe.

Anayeisoma ni mwanapatholojia. Katika taarifa za habari, mtaalamu huyu hutajwa panapotokea kifo cha kutatanisha, na wengi hudhani kazi yake ni mochari tu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi yake inahusu watu walio hai wanaosubiri jibu.

Kabla kinyama hakijamfikia, kina safari. Kinapotoka mwilini hutumbukizwa kwenye fomalini, dawa inayokizuia kuoza, ambayo ujazo wake unapaswa kuwa kama mara 10 ya kinyama chenyewe. Hatua hii huonekana ndogo, lakini kinyama kilichosafirishwa siku mbili ndani ya maji ya chumvi hufika kikiwa kimeharibika, na hakuna hadubini inayoweza kukirekebisha. Baada ya hapo hukaushwa maji, huzamishwa kwenye nta iliyoyeyushwa, na nta ikiganda hukatwa vipande vya mikroni 3 hadi 4, wembamba unaoushinda unywele kwa zaidi ya mara 10. Vipande hubandikwa kwenye vioo na kutiwa rangi mbili: moja ya zambarau, inayotokana na mti unaoota Amerika ya Kati, na nyingine ya waridi. Bila rangi hizo, seli ni kama maji ndani ya glasi.

Umuhimu wa kazi hii ulionekana wazi hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago jijini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye alimwona mwingine kule Jinja mwenye uvimbe wa taya na wa tumbo pia. Hadi wakati huo watoto wa aina hii waliandikwa kuwa na magonjwa tofauti, huyu saratani ya taya, yule ya figo, mwingine ya ovari. Burkitt alichapisha alichokiona mwaka 1958. Lakini waliothibitisha kwamba vyote ni kitu kimoja walikuwa wanapatholojia wa Mulago, Jack Davies na Gregory O'Conor. Walipopitia vioo na kumbukumbu za saratani za watoto, walikuta kwamba karibu nusu yake zilikuwa limfoma. Chini ya hadubini ugonjwa huo huonekana kama anga la usiku lenye nyota: seli nyeusi zilizobanana, na kati yake madoa meupe ya seli zinazokula zile zilizokufa.

Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walisafiri kwa gari maelfu ya kilomita, kupitia Kenya na Tanganyika hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza kila hospitali kama imewaona watoto wa namna hiyo. Ramani yao ilionyesha kwamba ugonjwa hupungua sana mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,500 hivi, na hufuata maeneo yenye malaria nyingi. Nchini Kenya hupatikana zaidi kandokando ya Ziwa Victoria na Pwani. Mji wa Machakos uko juu kidogo ya mstari huo, ingawa familia huhama na watoto hulelewa kwingine. Vinyama kutoka Kampala vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake walitangaza kirusi walichokiona ndani yake, kinachojulikana leo kama Epstein-Barr.

Limfoma ya Burkitt huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kasi hiyo hiyo huifanya isikie dawa vizuri, na tayari katika miaka ya 1960 baadhi ya watoto walipona kabisa pale Kampala. Mtoto aliyevimba taya au tumbo kwa ghafla asisubiri siku ya kliniki.

Kusema tu "ni limfoma" hakutoshi, kwa kuwa aina zake ni nyingi na dawa zake hutofautiana. Limfoma ya Hodgkin hutambuliwa kwa seli kubwa yenye viini viwili vinavyotazama kama macho ya bundi. Vijijini bundi hapendwi, ila kwenye hadubini huyu ana nafuu, kwani Hodgkin ni miongoni mwa saratani zinazotibika vyema zaidi. Seli hizo huwa chache mno kati ya maelfu ya seli za kawaida, na sindano huweza kuzikosa zote. Pale ambapo rangi za kawaida haziamui, maabara kubwa hutumia kingamwili zinazong'ang'ania alama maalumu kwenye seli na kuacha rangi ya kahawia. Alama ya CD20, kwa mfano, ndiyo dawa ya rituximab hushikilia. Isipokuwepo, dawa hiyo ghali haina pa kushika.

Baadhi ya magonjwa ya damu huweza kuwepo bila kuvimbisha tezi. Lukemia, iliyomuua aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa Safaricom Bob Collymore Julai 2019, na mayeloma hukaa ndani ya uboho wa mifupa, kwa hiyo kinyama huchukuliwa nyuma ya nyonga. Mayeloma huwapata zaidi wazee, na huanza kwa maumivu ya mgongo au mbavu na upungufu wa damu. Mzee aliyechimba makingamaji ya fanya juu maisha yake yote huona maumivu ya mgongo ni haki yake, akanunua dawa za kutuliza mwaka mzima. Maumivu yanayomwamsha usiku yanahitaji kipimo.

Jambo moja hufichwa na dukani: vidonge vya steroidi, kama prednisolone. Hunywesha tezi kwa siku chache, mgonjwa akafurahi, kumbe vimevuruga mchoro ambao mwanapatholojia angeusoma. Visitumiwe kabla ya kinyama kukatwa, isipokuwa daktari aliyemchunguza mgonjwa ameona hana budi.

Mwenye tezi isiyopungua aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Akihitaji zaidi, apewe barua ya rufaa hadi hospitali za Kangundo, Matuu, Mwala au Kathiani, kisha Machakos Level 5. Ajisajili mapema na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), na aulize ni vipimo gani vinagharamiwa. Siku ya kukatwa kinyama aulize kitapelekwa maabara gani na jibu litatoka lini, kisha arudi kulichukua mwenyewe. Fomu ionyeshe tezi ilitoka wapi, imekaa muda gani na dawa zipi zimetumika, kwa kuwa mwanapatholojia hamwoni mgonjwa. Kipande cha nta huhifadhiwa maabara kwa miaka. Mgonjwa akitumwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta au kwingine, anaweza kuomba kipande hicho pamoja na vioo vyake aende navyo, na huenda asihitaji kukatwa mara ya pili.