Mbwa wa Nyumbani na Watoto wa Sungura Uani

Swali: Mwenye mbwa huko Marekani afanye nini akigundua watoto wa sungura mwitu katika ua wake?

Jibu: Sungura wa mashariki mwa Marekani, ambaye wanasayansi humwita Sylvilagus floridanus, huzaa katika kiota, yaani kishimo cha kina kifupi kilichotandikwa nyasi na manyoya ambayo mama hujinyonyoa kifuani, na kwa kuwa mama huyo huja kunyonyesha kwa dakika chache tu alfajiri na magharibi, watoto wanaoonekana wapweke mchana kutwa kwa kawaida hawajatelekezwa. Kwa hiyo haifai kuwahamisha. Inatosha mbwa afungwe kamba kila anapotolewa nje, au kiota kifunikwe kwa kapu lililowekewa jiwe juu maadamu mbwa yuko uani, kisha kapu liondolewe kabla ya jua kuchwa ili mama apate njia. Mtoto aliyetolewa kiotani arudishwe kwa mkono wenye glavu, kwani mama hamkatai kwa sababu ya harufu ya binadamu. Lakini aliyeng'atwa, hata kama jeraha ni dogo kama tundu la sindano, apelekwe mara moja kwa mtaalamu wa wanyamapori. Subira inayotakiwa ni ya wiki 3 hivi tu, ambapo watoto, wakiwa na ukubwa wa ngumi, huondoka wenyewe.