Kuchagua Roboti ya Kusafishia Bwawa la Nyumbani

Bei ndogo si unafuu iwapo kifaa hakilingani na bwawa lako. Kabla ya kwenda dukani, pima urefu na kina cha bwawa, pamoja na umbali wake hadi kwenye soketi. Kisha tunakushauri uulize yafuatayo:

1. Je, roboti husafisha sakafu pekee, au hupanda na kuta? Ya sakafu pekee kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini, nayo yatosha ikiwa shida yako ni majani na mchanga.

2. Hutumia waya au betri? Waya sharti ufike kona ya mbali kabisa. Betri hudhoofika kwa miaka. Uliza kama ya kubadilishia inapatikana.

3. Transfoma yake ni ya volti ngapi? Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230. Transfoma iliyotengenezwa kwa volti 120 pekee, kama ya soko la Marekani, itaungua.

4. Vipuri vinapatikana nchini? Dai risiti na dhamana ya maandishi.

Transfoma isikae ukingoni mwa maji; fuata umbali ulioelekezwa na mtengenezaji. Mtu yeyote asiogelee roboti ikiwa kazini.

Mwisho, tunakumbusha kwamba roboti huondoa uchafu, haiui vijidudu. Maji maangavu yaweza kuwa na maradhi. Endelea kupima klorini na kuendesha pampu ya chujio.