Kuchagua Safari ya Mapumziko kwa Meli: Lipi Litangulie?

Somo kwa watumiaji wa huduma wa Kakese na maeneo jirani

Lengo la somo

Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji ataweza kupanga kwa mfuatano mambo ya kuzingatia anapochagua safari ya mapumziko majini, kukokotoa gharama yake kamili, na kutambua ofa ambayo haipaswi kujadiliwa hata kama bei yake inavutia.

Utangulizi

Mkazi wa Kakese anaishi mbali na bahari, lakini hayuko mbali na maji makuu. Magharibi mwa Mkoa wa Katavi kuna Ziwa Tanganyika, ambalo urefu wake ni takriban kilomita 670 na kina chake hufikia takriban mita 1,470. Nchi nne zinaligawana: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Katika ufuko wake kuna Karema yenye misheni ya kale iliyoanza mwaka 1885, na kaskazini zaidi kuna Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, ambamo sokwe huishi na ambako wageni wengi hufika kwa boti. Si ajabu, basi, kwamba mpunga ukishavunwa na kuuzwa, baadhi ya familia hutamani kuiona sehemu hii ya nchi yao wakiwa juu ya maji.

Safari ya namna hii hununuliwa kabla ya kuonekana. Mnunuzi wa gunia la mchele hutia mkono ndani akaangalia punje, ilhali mnunuzi wa safari hulipia ahadi. Kwa sababu hiyo tunamshauri mtumiaji asianze na picha wala bei. Aanze kwa kujiuliza ni mambo gani yakikosekana safari yenyewe haifai kufanyika.

Hatua ya kwanza: Tenganisha masharti na matakwa

Chukua karatasi uigawe sehemu tatu. Katika sehemu ya kwanza andika masharti, yaani mambo yasiyobadilishwa kwa punguzo lolote. Katika sehemu ya pili andika mambo ya kupimana, kama vile nauli, muda wa safari na daraja la tiketi. Katika sehemu ya tatu andika vionjo: muziki, aina ya chakula, mandhari ya kupigia picha.

Makosa mengi hutokea pale sharti linapowekwa kwenye mizani pamoja na bei. Mtu husema, "Boti hii haina maboya ya kutosha, lakini tutaokoa shilingi laki moja." Sentensi hiyo ina kosa la kimantiki. Laki moja yaweza kulinganishwa na kiti kilicho laini zaidi au na siku moja ya ziada. Haiwezi kulinganishwa na uhai wa abiria. Chombo kisichotimiza sharti huondolewa kwanza, na vilivyobaki ndivyo hulinganishwa kwa bei.

Hatua ya pili: Usalama wa chombo

Historia ya nchi yetu inatufundisha kwa uchungu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakapoteza maisha. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imebeba watu wengi kupita kiasi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka kikiwa kimekaribia kutia nanga katika kisiwa cha Ukara. Zaidi ya watu 220 walifariki. Ajali hiyo ya mwisho ilitokea karibu kabisa na nchi kavu. Ufupi wa safari, kwa hiyo, si kinga.

Wala anasa si kinga. Titanic ilisifiwa mwaka 1912 kuwa miongoni mwa meli za fahari kuliko zote duniani, lakini boti zake za kuokolea watu zilikuwa na nafasi 1,178 tu wakati waliokuwamo walikuwa zaidi ya 2,200. Msiba huo ndio uliosababisha mataifa kukubaliana, mwaka 1914, juu ya kanuni za pamoja za usalama wa maisha baharini.

Kabla ya kulipa, mwulize mwenye chombo au wakala wake maswali haya:

1. Je, chombo kina cheti halali cha usalama, na kinaisha tarehe ngapi?
2. Kimeruhusiwa kubeba abiria wangapi na mzigo kiasi gani?
3. Je, kuna jaketi la kujiokolea kwa kila abiria, pamoja na yale ya kimo cha watoto?
4. Je, majina ya abiria wote, wakiwamo watoto wachanga, huandikwa kabla ya kuondoka?
5. Nahodha ana njia gani ya kuwasiliana na nchi kavu chombo kikipata hitilafu?

Mfanyabiashara mwaminifu hujibu maswali haya bila kuudhika. Anayekasirika, au anayesema "tutaongea mkishafika", amekwisha kukupa jibu.

Hatua ya tatu: Majira na tarehe

Wakulima wa mpunga hupata fedha baada ya mavuno, na kipindi hicho huangukia majira ya kiangazi. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu ziwani na kuinua mawimbi. Majira ya masika nayo huleta dhoruba za ghafla. Hatusemi kwamba watu wasisafiri. Tunasema kwamba fedha kuwapo mkononi si ishara kuwa ziwa limetulia. Uliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kisha uliza kama tarehe yaweza kusogezwa bila malipo ya ziada iwapo hali itachafuka. Mkataba unaomlazimisha abiria achague kati ya kupoteza nauli na kupanda chombo wakati wa dhoruba ni mkataba mbaya.

Uliza pia ni chombo kipi hasa kitakachosafiri. Wengi huvutwa na sifa za MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma kwa vipande, ikazinduliwa mwaka 1915, ikazamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Ni historia ya kuvutia, lakini meli hiyo imewahi kusimama kwa miaka kadhaa kwa sababu ya ukarabati. Picha ya meli kwenye tangazo si ratiba. Taka jina la chombo na tarehe ya safari viandikwe kwenye tiketi.

Hatua ya nne: Wanaosafiri ni akina nani?

Safari nzuri kwa kijana yaweza kuwa adha kwa mzee. Je, bibi ataweza kukaa kwenye benchi usiku kucha? Katika vituo visivyo na gati, abiria hushuka kutoka melini na kuingia katika mtumbwi, je, ataweza? Je, kuna dawa zinazohitaji kuhifadhiwa kwenye ubaridi?

Wazazi wanaolenga Mahale wafahamu kuwa kuna umri wa chini uliowekwa kwa wanaokwenda kuwatazama sokwe, na kwamba mtu mwenye mafua au kikohozi haruhusiwi kuwakaribia, kwa kuwa maradhi ya binadamu huwaambukiza. Mtoto aliyeahidiwa sokwe kisha akaachwa kambini hatasahau upesi. Uliza umri huo kabla ya kulipa.

Hatua ya tano: Gharama kamili

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Bei inayotangazwa mara nyingi ni sehemu tu ya gharama. Ongeza usafiri wa kwenda bandarini na kurudi, chakula, malazi ya kusubiri chombo, ada za hifadhi na mwongozaji. Kisha weka akiba ya siku mbili za kuchelewa. Kanuni hii ni ile ile hata kwa meli kubwa za kitalii zinazotia nanga Zanzibar: tiketi hulipwa mara moja, lakini viza, bima, bahashishi na matembezi ya nchi kavu huja baadaye.

Mfano wa kujifunzia

Ofa na takwimu zifuatazo tumezitunga kwa ajili ya somo. Si bei za sokoni. Familia ya watu sita ya Kakese ina shilingi 1,200,000. Miongoni mwao yumo bibi wa miaka 70 na mtoto wa miaka 8.

Ofa ya kwanza ni boti ya mtu binafsi kwenda Mahale kwa shilingi 780,000. Ukiongeza usafiri wa barabara 180,000, chakula 150,000 na ada 120,000, jumla ni 1,230,000. Wakala haonyeshi cheti, na anasema abiria wengine wataongezwa "wakipatikana".

Ofa ya pili ni meli yenye cheti kutoka Kigoma. Tiketi za daraja la tatu ni 540,000, usafiri wa kwenda Kigoma na kurudi 240,000, chakula na malazi 260,000. Jumla ni 1,040,000. Kwa daraja la pili, tiketi ni 860,000 na jumla hupanda hadi 1,360,000.

Ofa ya tatu ni siku mbili Karema: usafiri 180,000, chakula na malazi 300,000, na matembezi ya saa moja ziwani kwa boti iliyosajiliwa 150,000. Jumla ni 630,000.

Ofa ya kwanza huanguka kwenye sharti la usalama. Haifiki hata kwenye hesabu, ingawa hesabu nayo inaonyesha kuwa imezidi uwezo kwa shilingi 30,000. Ofa ya pili ni salama, lakini bibi atakesha kwenye benchi, na daraja linalomfaa halimo ndani ya uwezo. Ofa ya tatu haina sokwe wala safari ya usiku, ila kila mmoja ataliona ziwa, na shilingi 570,000 zitabaki kwa ada za shule na pembejeo. Familia yaweza kuchagua ya tatu mwaka huu na kuweka akiba kwa ajili ya ya pili. Vijana watupu, kwa fedha zizo hizo, wangeweza kuchagua ya pili bila kukosea. Masharti ni yale yale kwa wote. Mizani hutofautiana kwa kila nyumba.

Haki na wajibu wako

Lipa kwa mfanyabiashara mwenye ofisi na leseni, udai risiti ya EFD, na uhifadhi tangazo lililokuvutia. Usitume malipo ya awali kwa namba ya simu ya mtu usiyemfahamu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha au kumhadaa mtumiaji. Malalamiko ya aina hiyo hupelekwa Tume ya Ushindani baada ya kumwandikia mfanyabiashara mwenyewe. Masuala ya usalama wa vyombo vya majini hupelekwa TASAC. Ukihisi umetapeliwa, toa taarifa polisi mapema.

Na ukifika gatini ukakuta chombo kimejaa kupita kiasi, usipande. Kataa kwa sauti, ili na wengine wasikie. Nauli hudaiwa kwa risiti. Hakuna ofisi inayorudisha maisha.

Maswali ya kujadili

1. Andika masharti matatu ambayo familia yako haitayabadilisha kwa punguzo lolote. Je, wote nyumbani wanakubaliana?
2. Kwa nini ufupi wa safari hautoshi kuwa kinga?
3. Kokotoa upya ofa ya pili iwapo meli itachelewa siku mbili na kila siku itagharimu shilingi 70,000. Je, fedha zitatosha kurudi nyumbani?
4. Jirani yako amelipa malipo ya awali kwa simu na hana risiti. Utamshauri afanye nini leo?